Friji ya Papa Stanislas

Papa Stanislas, katekista wetu hapa Kampemba, hachoki kutukaririsha amri ya saba: usiibe. Mwaka ule wa jubilei ya ndoa ya bintiye, miaka ishirini na tano, alimpelekea Mumbere kaseti ya harusi aihamishie kwenye flash. Mumbere alikuwa na magazini, duka la friji, mpaka watu walipopora mji mwaka wa tisini na moja. Harusi ilifuata wiki mbili baadaye. Sasa Mumbere anaishi kwa kuokoa kaseti za watu.

"Fasi ya zawadi iko na giza," Papa Stanislas alimwagiza. "Uisafishe, batoto baone vile nilitoa."

Kwetu zawadi hupita mbele ya kamera moja moja, na mtoaji hutangazwa. Kwenye kaseti Papa Stanislas amesimama kando ya friji, mkono juu yake, kama mtu aliyeizaa.

Siku ya jubilei picha ilitoka safi. Ukumbi ulipiga makofi, na Papa Stanislas akamshukuru Mumbere mbele ya padri.

"Hakuna shida, Papa," Mumbere akajibu kwa upole. "Nilisafisha mpaka etiketi yenye jina ya magazini yangu inasomeka ku mulango ya friji."