Kibuyu cha Mwenzangu

Jina langu halijawahi kunitosha peke yangu. Ni jina la pacha wa pili, na kwetu Usukumani anayelisikia huuliza hapo hapo: mwenzako yuko wapi? Nimeulizwa na wauza maziwa, na wauguzi, na wachumba wawili. Nilipokuwa mtoto mama ndiye aliyejibu, na jibu lake lilikuwa moja siku zote. "Yumo ndani, amelala."

Mwenzangu alikufa tukiwa na miezi minne. Mama akafanya kama walivyofanya wanawake wa kwao tangu zamani. Alichukua kibuyu kidogo, kizima, kisichotobolewa, akakivika ngozi ya mbuzi na kukilaza ubavuni mwangu ili nisijione nimeachwa. Mimi nilikua, kibuyu kikabaki. Kilining'inia juu ya kitanda cha mama, na kila jioni, kabla sijatia mkono kwenye ugali, tonge la kwanza lilipelekwa huko. Niseme kweli, nilikionea wivu. Mtu mwenye akili zake anakioneaje wivu kibuyu? Lakini kibuyu hakikutumwa maji, hakikuchapwa, wala hakikuambiwa kina mdomo.

Nilikuwa na miaka kama kumi na mitatu tulipohama. Tuliishi upande wa Tinde, na ardhi ilikuwa imechoka. Mtama uliishia magotini, ng'ombe walibaki mifupa. Barazani kwa mtemi ikatangazwa kwamba upande wa Geita pori linafyekwa, mbung'o wanapungua, anayetaka shamba aende. Baba akataka. Baba mdogo alitangulia na ng'ombe kwa miguu, na sisi tungefuata kwa lori la mfanyabiashara wa pamba, pamoja na familia nyingine mbili.

Baba alikwenda kulitazama lori hilo, akarudi na kamba yenye mafundo mawili. Huo ndio ulikuwa upana na urefu wa sehemu yetu. Akaipima uwanjani na kuchora mraba kwa jembe.

"Kisichoingia humu hakiendi," akasema.

Siku tatu tuliishi pembeni mwa mraba ule. Vitu viliingia na kutoka kama wageni msibani. Mchi uliingia, kinu kikatoka. Mzinga wa nyuki wa baba ulitoka, na siku ile hakusemezeka. Jiwe la kusagia la mama, alilopewa na mama yake, likiwa limechimbika katikati kwa kazi ya mikono yao wawili, liliingia, likatoka, likaingia tena. Mwishowe baba alilibingirisha mpaka kwenye ua wa minyaa. Mama alilitazama likienda. "Mawe yako kila mahali," akasema, akarudi jikoni. Sikumsikia akinung'unikia kitu chochote. Nikaamini ni mwanamke asiyejali vitu.

Siku ya mwisho alikwenda majabalini kuanua michembe, vipande vya viazi vitamu alivyovianika kwa ajili ya chakula cha njiani. Aliniachia kazi. "Vibuyu vyote vitoe ndani. Vizuri viweke mrabani, vingine gawa." Kile kimoja hakukitaja. Nani anayeondoka nyumbani akakumbusha kwamba mtoto asigawiwe?

Na mimi nilielewa vizuri sana. Sitaki kusingizia utoto. Nilikuwa nimeanza mafundisho ya dini, nimejua kusoma, kichwa kimenivimba. Niliwaza huko Geita, kwa watu wasionijua, nikawaona wasichana wa huko wakichungulia mlangoni na kumkuta mama analisha kibuyu. Nikajiambia nitafika kule nikiwa mmoja.

Nikapanda kitandani, nikakitungua. Kilikuwa chepesi. Nilipofungua ngozi nikakuta kibuyu, basi, cheusi kwa moshi na mafuta ya mikono ya mama. Nilikichanganya na vingine vitano, nikavipeleka ng'ambo ya minyaa kwa jirani yetu, mama mmoja mwema aliyelia kila siku kwamba hana kata ya kuchotea maji. Ngozi sikuitupa kwa sababu ilikuwa nzuri. Niliifungia chungu kikubwa kisipasuke njiani. Mwerevu hajinyoi, akijinyoa hujikata.

Asubuhi lori likaja. Tulipokuwa tunapakia, mama aliingia ndani mara ya mwisho. Alikaa huko. Alipotoka mikono yake ilikuwa mitupu, na macho yake yakaangukia chungu.

"Ngozi hii umeitoa wapi, ng'wanawane?"

Nikajifanya nakaza kamba ya chungu.

"Kiko wapi?"

"Nimekigawa, mayu. Kwa jirani."

Hakunipiga. Natamani mpaka leo angenipiga. Alipita kwenye pengo la minyaa, na mimi nikamfuata nyuma.

Jirani alifurahi kutuona, akadhani tumekuja kuaga. Msafiri haondoki na kiu, akasema, akachovya mtungini na kumletea mama maji kwa kata mpya, kingo zake bado nyeupe. Alikuwa amekipasua kile kibuyu cheusi jioni iliyopita, katikati, kikatoa kata mbili. Ya pili ilikuwa chini uwanjani, vifaranga wanainywea.

Mama aliipokea kata kwa mikono miwili. Akanywa maji yote. Kisha akainama kwa vifaranga, akaichukua ile nusu nyingine, akaimwaga, akaifuta kwa kaniki yake na kuzikutanisha nusu mbili. Hazikushikana. Jirani, mtu wa kazi safi, alikuwa amezikwangua kingo. Mama akageuza upande mmoja, akajaribu tena. Akageuza tena.

Hapo jirani akaelewa. Alishika kichwa, akalia, akaapa kwamba aliletewa kitupu, bila ngozi, angejuaje.

"Nilikuwa nimpakate tu," mama akasema. Hakumwambia yeye wala mimi. "Hata nafasi hakuhitaji."

Dereva akapiga honi. Mama akampa jirani vipande vyote viwili. "Chotea maji," akamwambia. "Ulikuwa na shida ya kata."

Njia yote ya Geita mama alikaa juu ya magunia, mikono mapajani, viganja vikitazama juu, na vumbi likamjaa humo. Mimi nilikaa mbele yake nimekumbatia kile chungu. Niliogopa kumtazama, na niliogopa zaidi kutazama pembeni. Baba aliuliza mara moja kama anaumwa. Akasema haumwi.

Jioni ya kwanza kwenye kibanda kipya alisonga ugali. Akamega tonge la kwanza, akainuka nalo, akafika katikati ya chumba na kusimama. Ukuta ulikuwa mtupu. Alirudi, akaliweka upande wangu wa sahani. "Kula," akasema. Nililila. Sijawahi kula kitu kigumu kama kile.

Baada ya siku chache akaja mama mmoja Mzinza kutusalimu, mcheshi, na mkungu wa ndizi kichwani. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akaniuliza jina. Nikamtajia. Akacheka na kumgeukia mama, aliyekuwa anapeta mtama.

"Kumbe pacha! Na mwenzake yuko wapi?"

Nilisubiri. Nilisubiri aseme yumo ndani, amelala. Nilikuwa tayari kuingia ndani nikalale mahali pake, mradi aseme.

"Muulize mwenyewe," mama akasema, bila kuinua macho kwenye ungo. "Yeye ndiye aliyefunga mizigo."

Yule mama akanigeukia, meno nje, akingoja.

"Nilimgawa," nikasema.

Akacheka sana, akidhani ni utani wa kitoto. Alicheka peke yake.