Viungio vya Bluu

Watu walimwita Matone, na jina lilimkaa. Kazi yake ilikuwa kusafisha madirisha ya maghorofa, na hakuna kilichomkera kama tone la maji mahali pasipo pake. Tangu kaka yake alipoanguka kutoka kwenye ngazi na kubaki na mguu wa kukokota, Matone aliapa kwamba yeye hapandi tena. Alinunua gari dogo la mizigo, akafunga tangi na pampu nyuma, akatafuta fimbo ndefu yenye brashi kichwani. Akawa anasimama zake chini, maji yaliyochujwa yanapanda hadi ghorofa za juu, na kioo kinakauka bila doa.

Mpira wa kutoka garini hadi kwenye fimbo ulikuwa wa vipande vipande, vilivyoshikanishwa kwa viungio, vile vidude unavyosukumiza kimoja ndani ya kingine mpaka vilie tak. Vya kwake vilikuwa vya shaba, vizito, vimefubaa kwa kushikwashikwa. Vilipoanza kuvuja, alimtuma shemeji yake, kaka wa mkewe ambaye walikuwa wakifanya kazi pamoja, akamletee vingine kama vile vile.

Shemeji akarudi na boksi zima la viungio vya plastiki, vya bluu, vinang'aa kama peremende. Alikuwa na furaha ya mtu aliyeokota. Akaeleza jinsi muuzaji alivyomhakikishia kwamba ndivyo vinavyotumika siku hizi, vyepesi, havijui kutu. Matone alichukua kimoja akakisukumia mahali pake. Kililia, lakini kinyonge, kama mtu anayeitikia salamu ya asiyempenda. Akakivuta, kikashika. Akakigeuza kwenye mwanga, akaona zile gololi ndogo za ndani, ambazo ndizo zinazouma na kushikilia, moja imekaa upande.

Moyo ulimwambia avirudishe. Lakini mkewe alikuwa mlangoni akimtazama kaka yake kwa fahari, maana huyo ndugu alikuwa ametoka kwenye miaka mingi ya kukaa bila shughuli. Matone akavifunga vya bluu kwenye mpira.

Baada ya hapo mambo hayakuwa shwari. Asubuhi moja, kwenye ua wa shule, kiungio kiliachia na mpira ukachapa hewani kama nyoka aliyekanyagwa. Shemeji alicheka, akakirudisha. Kingine kikaachia siku ya jua kali, hakuna aliyekigusa. Ajabu ni kwamba vilipokaguliwa baadaye vilionekana vizima, vinalia, vinashika. Matone akawa anafanya kazi jicho likiwa juu kwenye kioo na sikio nyuma kwenye mpira. Chakula kikakosa ladha. Mwishowe akamwambia shemeji yake kwamba ingefaa warudi kwenye shaba.

"Kama huniamini, sema," shemeji alijibu. "Usisingizie plastiki."

Matone akaviacha vya bluu mahali pake.

Kazi iliyofuata ilikuwa jengo la ofisi ambalo ua wake uliteremka hadi kwenye vidaraja vya ngazi ya kushukia chumba cha umeme. Mlango wa chumba ulikuwa wazi. Ndani alikuwamo fundi umeme, mtu mnene, mpole, amesimama juu ya boksi la mbao, amefungua kabati la nyaya. Aliwatania kwamba wasimalize maji yote, naye atataka kunawa. Matone aliona kiungio kimoja kimelala juu ya vidaraja vile. Akakisogeza kwa mguu, kikarudi palepale kwa uzito wa mpira. Akajiambia amalize safu moja ya madirisha kisha aupitishe mpira upande mwingine.

Safu haikuisha. Fimbo ikawa nyepesi mikononi mwake, na huko juu brashi ikaanza kukwaruza kioo kikavu. Alijua kabla hajageuka. Maji yalikuwa yanateremka vidaraja bila haraka, kama mtu anayejua anakokwenda.

Aliitupa fimbo, akakimbia, akaukunja mpira kwa mikono miwili huku akimpigia shemeji kelele azime pampu. Shemeji alikuwa getini, simu sikioni. Matone akainama kuelekea mlangoni.

"Fundi, baki hapohapo juu ya boksi. Usikanyage chini."

Lakini fundi alikuwa ameshasikia kelele na ameshashusha mguu ili aje kuona kuna nini, mkono wake ungali ndani ya kabati. Ikatoka sauti kama ya kitambaa kinachopasuliwa, na jengo zima likazima.

Fundi hakufa. Alirushwa ukutani, akapoteza fahamu, akapelekwa hospitali. Ila mkono wake wa kulia haukurudi kuwa mkono wa fundi. Matone alipokwenda kumjulia hali, mke wa mgonjwa alimsogezea kiti bila kumtazama usoni.

"Niliyasikia maji," fundi alisema taratibu. "Nikadhani mnanawa."

Matone alitoka pale akaenda dukani mwenyewe. Akapima kila kiungio cha shaba kiganjani, akatazama gololi kama zimekaa sawa, akapapasa ringi ya mpira kutafuta ufa. Nyumbani aliviunganisha juani, akaziba mwisho wa mpira, akaacha pampu isukume huku yeye akivivuta kwa uzito wake wote na kuvikanyaga. Kilichotoa hata jasho tu, alikitenga. Mkewe alimwangalia kutoka dirishani.

Kisha akamtaka shemeji alete boksi la vile vya bluu avipondeponde kwa nyundo. Shemeji alitazama chini.

"Viko wapi?" Matone aliuliza.

"Niligawa, vingine nikauza. Kabla ya fundi kuumia, shemeji. Naapa, ilikuwa kabla."

Wakaingia garini pamoja kuvikusanya. Waosha magari waliogawiwa walivitoa bila maneno, wakapewa vya shaba. Mama mmoja wa bustani ya mboga alibisha kwanza, akisema cha kwake hakina tatizo, mpaka Matone alipomsimulia. Vikarudi karibu vyote. Kikabaki kimoja, ambacho mnunuzi wake shemeji hakumjua kwa jina wala kwa mtaa.

"Alikitakia nini?"

Shemeji akamweleza. "Mpira wa petroli wa jenereta. Alisema mvua inamsumbua, jenereta ameiingiza ndani. Nyuma ya chumba cha watoto."

Walimtafuta. Waliuliza kwa mafundi jenereta, kwenye vituo vya mafuta, kwenye maduka ya vifaa, na hakuna aliyemtambua mtu huyo kwa maelezo ya shemeji, kwani yalikuwa maelezo ya mtu yeyote. Shaba ilishika, kazi zikaendelea, na fundi umeme akajifunza kuandika kwa mkono wa kushoto. Ila mpaka leo, umeme ukikatika jioni na jenereta za mtaani zikaanza kunguruma moja baada ya nyingine, Matone hutoka nje akasimama kunusa hewa. Mara nyingi humkuta shemeji yake ameshatangulia, amesimama vilevile, pua juu.