Niliombewa kwa Dhambi za Wengine

Kanisa letu la Ngaremara liko hatua chache kutoka lami, kuta zake mabati na paa lake mabati. Jua likishapanda, mchungaji huhubiri huku akijifuta shingo kwa leso. Yeye ni Mmeru. Kiturkana chake ni salamu tu, na hata hizo huzitoa kwa wasiwasi. Wasikilizaji wake wengi ni akina mama wa Kiturkana, na Kiswahili cha wengi wao ni cha sokoni: bei, mbuzi, unga, basi. Kati yao na mchungaji nilisimama mimi, mkalimani, kwa miaka minne.

Kazi hiyo niliipata kwa sababu aliyekuwa nayo alihamia Lodwar, na kwa sababu nauza dawa za mifugo mjini Isiolo. Mchungaji alisema kwamba mtu anayeweza kumweleza mfugaji kwa Kiturkana dozi iliyoandikwa kwa Kiingereza anaweza kueleza lolote. Nikanunua daftari. Ukurasa wa kushoto niliandika maneno magumu ya Kiswahili, wa kulia namna ya kuyasema kwetu. Neno "neema" lilinichukua wiki mbili. Mwishowe nikamuuliza mfugaji mmoja aliyekuja kununua dawa ya kupe. Akafikiri, akasema, "Sema ni mbuzi uliyepewa na mtu uliyemwibia." Jumapili nikalisema hivyo hivyo, na safu zote za akina mama zikaguna kwa kuelewa.

Kanuni ya ukalimani ni moja: unasema kama msemaji alivyosema. Akisema "mimi," nawe unasema "mimi." Ukianza na "anasema kwamba yeye," maneno yanapoa kabla hayajafika. Basi wakati wa shuhuda, wageni waliotoka mjini na Burat walipoinuka kusimulia kwa Kiswahili jinsi Mungu alivyowaokoa, nilisimama kando yao nikasema kwa Kiturkana: Mimi nilikuwa mlevi. Mimi niliiba mbuzi wa ndugu yangu. Mimi nilimpiga mke wangu.

Niliifanya kazi hiyo vizuri, na sikuona kwamba hata neno moja lilinihusu. Niliamini kwamba Mungu yupo kama ninavyoamini kwamba Mlima Kenya upo: asubuhi nyingine unauona kutoka mlangoni mwa duka letu, asubuhi nyingine ni mawingu. Ila sikudhani kwamba mlima unaniona mimi.

Sababu yake niliijua. Nilipokuwa kidato cha pili katika shule ya bweni mjini, mama alikuja kuniona siku isiyokuwa ya wageni. Alikuwa amevaa shanga zake zote, kutoka mabegani hadi kidevuni, na ameshika kibuyu cha maziwa. Wasichana wa bweni langu walikuwa nami langoni. Mmoja akauliza, "Huyo ni nani wako?"

"Ni mama anayetuletea maziwa nyumbani," nikajibu kwa Kiswahili, nikitumaini mama haelewi.

Mama alinipa kibuyu, akanitazama, akageuka. Kwa miaka kumi na minne hatukuitaja siku hiyo. Nilimpelekea unga, shuka na dawa za mbuzi wake, lakini sikuwahi kuketi naye zaidi ya saa moja. Nilikuwa na haraka kila mara, na haraka yenyewe haikuwa na mahali inapokwenda.

Mwaka jana, mvua zilipokwisha, niliamua kuacha ukalimani. Kila mchungaji aliposema "msamaha," sauti yangu ilipungua, na nilijiona kama mtu anayegawa chakula asichoruhusiwa kuonja. Nilipanga kumwambia baada ya ibada. Nilikuwa nafunga daftari niliposhikwa mkono na ata wa safu ya mbele. Ata ndivyo tunavyomwita nyanya. Huyu ni mjane wa hapo hapo Ngaremara. Macho yake yamezibwa na mtoto wa jicho, huona vivuli tu, na Kiswahili hajui hata cha sokoni.

"Wewe binti," akasema, "utaacha lini?"

Nikashtuka. Sikuwa nimemwambia mtu. "Kuacha nini, ata?"

"Pombe."

"Mimi sinywi pombe!"

"Usinidanganye hapa kanisani. Jumapili ile ulisema unakunywa mpaka unalala mtaroni. Kabla ya hapo ulisema umeiba mbuzi. Kabla ya hapo ukasema umempiga mke wako. Hiyo niliifikiria sana. Nikasema, labda huko mjini mambo yamebadilika."

Mwalimu wa shule ya msingi, aliyekuwa akipanga viti nyuma yetu, alicheka mpaka akakalia kiti alichokuwa amekibeba. Mimi nilimweleza ata pole pole: kuna mtu husimama kando yangu, ndiye mwenye maneno, mimi huyageuza tu.

"Ile sauti nyingine inayotangulia yako, na kelele zake?"

"Hiyo. Huyo ndiye mwenye dhambi."

"Kwa hiyo zile zote si zako?"

"Hata moja."

"Miaka minne," akasema. "Kila alfajiri, kabla sijawasha moto, nimekuombea. Nilizitaja moja moja. Nilimwambia Akuj, Mungu wangu, yule binti mwenye sauti nzuri amezidi, kila wiki ana jipya, lakini usimwache." Akaupapasa uso wangu kama mtu anayekagua mbuzi wa kununua. "Haya. Yako ni ipi?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikamwambia, pale pale kati ya viti, habari ya lango la shule na kibuyu cha maziwa. Mwalimu akaacha kucheka.

"Hiyo ni kubwa kuliko ya mbuzi," ata akasema. "Mbuzi anarudishwa." Kisha, kabla sijaanza kulia, akaongeza: "Lakini nilishaiombea. Niliziombea zote kwa jumla, zilizosemwa na zilizobaki tumboni."

Nilirudi mjini nikiwa nyuma ya bodaboda, nacheka na kulia, hata dereva akaniuliza kama niko sawa. Niliwekewa mashtaka ya walevi na wezi, nikaombewa kwa hayo kila alfajiri, na katikati ya mashtaka hayo ya uongo Mungu akalifikia lile moja la kweli. Nilikuwa nimelitafsiri neno neema mara nyingi kuliko mtu yeyote Ngaremara. Siku hiyo ndipo lilipogeuka kuwa langu, na lilikuwa jepesi mno, sikujua nilibebe vipi.

Jumapili iliyofuata, wakati wa shuhuda, nilisimama upande wa msemaji. Nilisema kwa Kiturkana, lugha ya mama yangu, bila daftari. Mchungaji alinitazama, akawatazama akina mama, akanitazama tena. "Anasema nini?" akauliza. "Jameni, mbona mnaguna? Nani atanitafsiria?"

Mwalimu akaja mbele. Ni mtu mrefu mwenye ndevu na sauti ya gwaride. Akasimama kando yangu, akafuata kanuni: "Mimi nilipokuwa msichana wa kidato cha pili..."

Kanisa likaangua kicheko. Mchungaji mwenyewe akainama. "Endelea, binti yangu," akamwambia, nao wakacheka upya. Mwalimu hakutetereka. Lakini tulipofika langoni, aliposema "ni mama anayetuletea maziwa nyumbani," sauti yake ya gwaride ilikatika, na kicheko kikakoma. Nilimaliza kwa kusema kwamba nimesamehewa, na kwamba sitaki tena kujificha nyuma ya maneno ya watu. Hakukuwa na mahubiri siku hiyo. Akina mama waliimba wakiruka kwa mtindo wetu, shanga zikilia, vumbi likapanda hadi madirishani. Mchungaji alipotaka kujua kama nitaendelea na ukalimani, nilimjibu kwamba naanza sasa. Maneno yaliyokuwa yakipita tu mdomoni mwangu, nilijua wanayangojea akina nani, na wamekaa bila hayo kwa muda gani.

Ata alinisubiri mlangoni. "Umewaambia hawa wote," akasema. "Mwenyewe amesikia?"

Niliomba ruhusa ya Jumamosi. Mwenye duka, Mborana anayeswali swala zake tano bila kukosa, aliuliza ni ya nini. Nikamwambia ni kwa ajili ya mama. "Subhanallah," akasema, "mama unamwombea ruhusa? Nenda, na umbebee sukari."

Mama anaishi upande wa Gotu na mbuzi wake. Tulikwenda kwa bodaboda moja, ata katikati, akiimba njia nzima karibu na sikio la dereva. Tulifika jioni, mama akiwa anakamua.

"Umekuja na shahidi," akasema bila kuinuka. "Nani amekufa, au nani anaolewa?"

"Hakuna, mama. Nimekuja kwa ajili ya siku ile ya lango la shule."

Mikono yake ikasimama kidogo, kisha ikaendelea.

"Nilisema wewe ni..."

"Najua ulichosema. Nimeuza mbuzi soko la Isiolo tangu hujazaliwa. Unafikiri niliwauza kwa Kiturkana?"

Nikapiga magoti kwenye samadi. "Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa mtoto, unawaogopa wenzako. Kutoka lango lile hadi Ngaremara nilikukasirikia. Kutoka Ngaremara hadi hapa nilikuhurumia. Baada ya hapo nikawa nangoja."

"Ukingoja nini?"

"Hii. Sasa inuka, unawatisha mbuzi."

Nikainuka, nikaomba msamaha kwa maneno yaliyonyooka. Mama akanitemea mate mepesi kifuani, jinsi wazazi wa kwetu wanavyobariki, akasema kwamba limekwisha. Ata, ambaye alikuwa akigeuza sikio kufuata kila neno, akatangaza kwamba ataomba.

"Huyo Mungu wenu anasikia Kiturkana?" mama akauliza.

"Mimi sina lugha nyingine," ata akajibu, "na hajanirudisha hata siku moja."

Mama akalifikiria hilo. "Basi mwambie angoje kidogo. Nimebakisha mbuzi wawili."

Nikachuchumaa kando yake, nikamshikia wa kwanza.