Kijiko cha Odii kwenye Uji wa Opira

Hapana, Apio, hapo nakukatalia. Eti "sisi wote tulikula odii tukiwa wachanga na hakuna aliyekufa." Nani alikuwa anahesabu? Mama alizika wawili kabla yako, na hakuna mtu aliyeuliza walikuwa wamekula nini. Walisema homa, walisema jicho la watu, wakafukia, basi. Kwa hiyo usinirushie hayo maneno. Mtoto wako anafika miezi sita wiki ijayo, kopo la bibi la odii ya kukoroga kwenye chakula limeshakuja na basi kutoka Kitgum, na wewe kijiko kiko mkononi tayari. Kaa chini unisikie. Ukitaka kunitukana, utanitukana nikimaliza.

Nakuita mwanangu ingawa nimekupita miaka saba tu. Mama alipotuacha nilikubeba mgongoni hapa hapa baraki, kwenye nyumba hizi za askari, nikakuosha, nikapigana na watoto wa watu kwa ajili yako. Hiyo haki nimeilipia. Na mdomo wangu unaujua, unatangulia mbele, akili inafuata na boda. Siku ninayokueleza, mdomo ulitangulia mbali sana.

Opira wangu alikuwa na miezi sita na siku kadhaa. Ziwa tu, hata maji hakuwa ameonja. Kwenye geti la baraki palikuwa na meza ya Mama Neema, yule Mkongo aliyekimbia vita kwao. Alikuwa anauza unga wa watoto anaochanganya mwenyewe: wimbi, soya, mchele, na mukene, wale samaki wadogo, wamekaushwa na kusagwa. Wanawake wote wa baraki walinunua kwake. Na mimi nikanunua.

Ilikuwa Jumapili asubuhi, nimewasha sigiri mlangoni. Uji ukaiva, nikaupoza. Halafu nikafanya kile ambacho kila mwanamke wa kwetu anafanya bila kufikiri. Nikafungua kopo la odii, ule ufuta na karanga bibi anakaanga na kusaga mpaka unang'aa mafuta, nikachota kijiko kimoja, nikakoroga. Sisi mboga bila odii tunasema ni majani ya mbuzi. Kwangu hicho hakikuwa chakula cha kumwanzishia mtoto. Ilikuwa kama kumwambia, karibu, sasa wewe ni mtu wetu.

Alikula vijiko vitatu. Cha nne akakitema. Nikaona mdomo wa juu unavimba, banange, unavimba nikiuangalia. Macho yakaziba. Tumbo likajaa vipele vikubwa vyekundu. Akatapika, halafu akaanza kuvuta pumzi na sauti kama filimbi iliyopasuka. Sikufunga hata mlango. Nilipanda boda na leso moja kiunoni, mtoto kifuani, nikimwambia yule kijana akisimama kwenye taa nitamng'ata. Kwenye kliniki nesi alimtazama mara moja tu, akamchoma sindano ya paja kabla sijataja jina. Pumzi ikarudi polepole. Mpaka leo nikiona mtoto amelala kimya sana namgusa kifua, hata kama si wangu.

Nesi akaniuliza, "Amekula nini?"

Nikasema, "Unga wa Mkongo."

Hivyo tu. Sikusita. Na hapo, mwanangu, ndipo kosa langu linapoanza.

Tulirudi jioni ile ile. Nilimwachia baba Opira mtoto, nikaenda moja kwa moja getini, nikalishika beseni la unga la Mama Neema nikalimwaga chini mbele ya watu. Nikamwita mchawi. Nikasema ameweka sumu, nikasema waliokimbia kwao walikimbia na dawa zao. Mimi nikiwa natetea mtu wangu sina breki, unanijua. Yule mama alibaki ameshika taulo la kufunikia unga, anasema tu, "Yesu wangu, mama, miye siwezi fanyia mutoto mubaya, siwezi!" Nani alimsikiliza? Kesho yake hakuna aliyenunua. Keshokutwa mkubwa wa nyumba za baraki akamwambia aondoe meza.

Siku ya tatu Afande Adong akaniita. Humkumbuki vizuri, ulikuwa shuleni. Alikuwa anakaa mlango wa tatu kutoka kwetu, kwa mwanawe. Polisi mstaafu, alifanya upelelezi mpaka nywele zikawa nyeupe. Mwanamke wa maneno machache, na anakunywa chai kama anaihoji. Alinipa daftari na kalamu.

"Andika kila kitu kilichoingia kwenye kikombe cha mtoto."

Nikaandika: wimbi, soya, mchele, mukene.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, Afande."

"Mimi nilikuwa naanika nguo. Nilikuona unachota kwenye kopo."

Nikacheka kidogo. "Ah, ile? Ile ni odii ya bibi."

"Sikukuuliza ni ya nani."

Yeye akanywa chai. Kisha akasema kwa upole, na ule upole ulinikata kuliko kofi. "Binti yangu, umekaribisha wageni watano kwenye nyumba ambayo haijawahi kuona mgeni. Wote kwa siku moja, kwa mlango mmoja. Kitu kimeharibika, na wewe umemkamata yule mwenye lafudhi ngeni. Huyu wa tano hata hukumwandika jina. Unajua katika kazi yangu mtu mgumu kumshika alikuwa nani? Hakuwa yule mwenye panga. Alikuwa yule ambaye mama mwenye nyumba anasema, huyu ni wetu, mwacheni."

Wazee walishasema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nilikuwa naisema hiyo methali kuwasema watu wengine.

Nilikuwa na kiburi bado. Nikamwambia, "Kwa hiyo bibi yangu ndiye mbaya?"

"Hakuna mbaya hapa. Bibi hana kosa, na odii haina kosa. Mwili wa mtoto wako una kitu unachokikataa, nawe hukuupa nafasi ya kukuonyesha ni kipi. Mpeleke kwa madaktari. Na acha kumnyima chakula kwa woga, ziwa peke yake sasa halimtoshi."

Maana hilo nalo nilikuwa nalifanya, tangu Jumapili ile nilimpa ziwa tu. Nilimpeleka kwenye hospitali kubwa. Daktari aliweka matone ya vyakula kwenye ngozi ya mkono wake, akamdonoa kidogo kwenye kila tone, tukasubiri. Wimbi kimya. Soya kimya. Mchele na samaki kimya. Karanga kimya. Ufuta ukainua uvimbe mkubwa kama ameumwa na nyuki. Daktari akasema hapo hakuna shaka. Ufuta, Apio. Ufuta wa shamba letu wenyewe.

Nilienda kumtafuta Mama Neema. Alikuwa amehamishia meza yake Bwaise, kando ya mtaro. Nikapiga magoti hapo hapo kwenye tope, watu wakitazama, kwa sababu tusi la hadharani haliombewi msamaha chumbani. Aliniinua. Akaniuliza kwanza mtoto ni muzima, nikasema mzima. Halafu akasema, "Unga si kitu, mama, nitasaga ingine. Lakini ile jina uliniita, njo ile jina walituita kule kwetu mbele ya kutuchomea nyumba. Hiyo utaisaga na nini?"

Mpaka leo nanunua unga kwake, nikitoka kushona Kisenyi napita Bwaise makusudi. Ananisalimia, ananipimia vizuri, anamuuliza Opira hali. Lakini hacheki na mimi kama zamani. Na getini hakurudi.

Sasa sikiliza, mwanangu. Usimwanzishie mtoto karamu. Haraka haina baraka, na haba na haba hujaza kibaba. Mpe kitu kimoja, kidogo, asubuhi, ili mchana wote umwangalie. Mwache nacho siku tatu kabla ya kumletea kingine. Akikikubali, andika. Akitoka vipele au akiharisha, kiache, andika, umuulize nesi. Akivimba uso au pumzi ikipiga filimbi, usiandike chochote, kimbia. Ziwa endelea nalo, usiliachishe. Mayai, samaki na karanga usimnyime milele kwa woga, navyo vina siku yake. Lakini ufuta, kwa kuwa damu yako na ya Opira ni moja, uliza kliniki kwanza. Na kwenye orodha andika vyote, hasa vile unavyovipenda.

Mungu ampe mwanao meno ya kutafuna na tumbo la kupokea. Akue mpaka akubebe wewe. Mungu aulinde na mdomo wako usiwe kama wangu.

Nimemaliza, nitukane sasa. Lakini kwanza nijibu: mwanao akivimba kesho, utajua ni kitu gani, au utaenda kumtafuta mgeni wa kumtukana?