Kigawo cha 8191

Usiku ule nilijitupa kitandani na sketi yangu ya kazini. Tangu mwalimu mwenzangu wa hisabati ahamishwe, vidato vyote vinne vilikuwa vyangu, na miguu ilikuwa inawaka moto. Lakini kilichonielemea zaidi ni Rehema wa kidato cha pili. Kwenye mtihani aliandika kwamba 8191 ni namba tasa, haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Karatasi ya majibu niliyopewa ilisema inagawanyika, nikamkosesha. Akasimama darasani.

"Mwalimu, nimegawanya mpaka themanini na tisa."

"Basi endelea mpaka uchoke," nikamjibu.

Wenzake wakacheka. Jioni matroni akaniambia mtoto hakula, na anasema hisabati kwake basi.

Usingizi ukanichukua. Nikajikuta katika darasa letu la shule ya msingi, kule Njombe, ukungu unaingia madirishani. Mwalimu Mbilinyi, aliyenifundisha kugawanya nikiwa mdogo, tuliyemzika mwaka juzi, ameketi dawati la nyuma na koti lake la kahawia. Mimi niko ubaoni, naigawanya 8191 kwa namba tasa, moja baada ya nyingine. Kwa tatu, inabaki moja. Kwa saba, inabaki moja. Kwa kumi na tatu, moja tena. Ubao unarefuka, sasa ni ukuta wa shule ninayofundisha, na Mwalimu anatembea polepole nyuma yangu. Themanini na tisa, zinabaki tatu. Naendelea. Tisini na saba. Mia na moja. Mia na tatu. Mkono ni mzito kama si wangu.

"Shikamoo, Mwalimu," nasema bila kugeuka.

"Marahaba, mwanangu. Unatafuta nini huko?"

"Kigawo."

Anasogea mpaka begani kwangu.

"Vigawo huja viwili viwili. Tisini na moja mara tisini na moja imeshapita 8191, kwa hiyo kimoja kikizidi tisini, mwenzake hawezi kuzidi tisini. Na huko chini umeshapita kote."

Ananitoa chaki vidoleni. Mkono wake una baridi, lakini hauogopeshi.

"Mtoto alifika mwisho. Wewe umepitiliza. Kamwambie."

"Nimechoka, Mwalimu."

"Najua. Kamwambie hivyohivyo, na uchovu wako."

Nikaamka. Kulikuwa kunapambazuka. Nikachukua karatasi ya Rehema, nikaigeuza, nikagawanya mwenyewe kuanzia mbili mpaka themanini na tisa. Kila mara kulikuwa na baki. Nikampa alama zake, nikateremka bwenini na ile karatasi mkononi.

Nilimkuta anafagia uwanja.

"Rehema, ulikuwa sahihi. Mimi ndiye niliyekosea, na leo nitalisema darasani, mbele ya wote waliokucheka."

Aliipokea karatasi, hakuisoma. Alikuwa ananitazama usoni.

"Pole, Mwalimu," akasema, na mimi ndiye niliyekwenda kumpa pole.