Fundi Pancha Aliyetoboa Matairi

Fundi pancha mmoja, aliyeitwa Pumzi kwa sababu ya pampu yake, alikuwa na mambo mawili ya kujivunia: mnara wa matairi mabovu mbele ya kibanda, ulioonekana tangu kona ya barabara, na mdomo. Mnara ulimletea wateja. Mdomo uliwafukuza wachache, lakini hakujali. Mwenye pancha haendi mbali.

Mtu mmoja tu alimshinda kumfukuza, naye ni mama mkwe wake. Mama huyo aliishi jirani, na kila asubuhi alibeba kigoda chake akaja kukaa kivulini mwa mnara ili, kwa maneno yake mwenyewe, amsimamie mkwewe.

"Baba, matairi yako yamejaa maji ya mvua. Mbu wananimaliza miguu."

"Mama, mbu ni watu wa usiku. Mchana wamelala."

"Hawa basi hawana saa."

"Na maji yenyewe safi, yametoka mbinguni! Mbu anataka matope."

Alikosea kote kuwili, tena kwa sauti, maana Pumzi hakujua kukosea kimyakimya. Usiku alijifungia ndani ya chandarua. Mchana alisinzia kibandani miguu nje. Bwana afya alipopita kumsihi amwage yale maji, Pumzi alimuuliza kama tairi nalo huugua malaria. Mtaa mzima ukacheka.

Siku chache baadaye, kigoda hakikuja. Pumzi akamshukuru Mungu kwa utulivu. Kufika adhuhuri utulivu ule ulikuwa umeanza kumkera, ndipo mkewe alipokuja mbio: mama anaungua homa, macho yanamuuma kwa ndani, na viungo kama vimetwangwa; majirani wamempeleka zahanati.

Pumzi alifika zahanati na aspirini mfukoni. Muuguzi, aliyekwisha kumpima mgonjwa, akamnyang'anya.

"Hii ni dengi. Unataka atokwe na damu? Ni virusi, hakuna dawa ya kuviua. Anywe maji kwa wingi, apumzike, apewe paracetamol tu. Tumbo likimkaza, akitapika mfululizo au fizi zikivuja damu, mleteni mbio, hata kama homa imeshuka. Mbu wake huuma mchana na huzaa kwenye maji safi yaliyotulia. Mchana mama hukaa wapi?"

Mke akamgeukia mumewe.

"Kwangu," alisema Pumzi, na kwa mara ya kwanza mdomo wake uliishia hapo.

Alirudi kibandani akiogopa kweli. Alimpenda yule mama; mtaa mzima hakukuwa na mwingine aliyeweza kumjibu. Akaushusha mnara tairi baada ya tairi, akamwaga maji, kisha mtu aliyeziba matundu maisha yake yote akashika keekee na kuanza kutoboa. Kila tairi tundu ubavuni, maji yasikae tena.

"Jamani, Pumzi amekosa wateja!" alipiga kelele muuza viatu wa ng'ambo ya barabara. "Sasa anajitengenezea pancha mwenyewe!"

Pumzi hakumjibu. Muuza viatu akaingiwa na wasiwasi, akaja kumsaidia kushika matairi.

Mama alipona polepole. Asubuhi aliyoweza kutembea, kigoda kilikuja, na nyuma yake yeye mwenyewe, amekonda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba." Akayakagua matairi, kidole ndani ya kila tundu. Yote makavu. Kisha akalichungulia karai ambalo Pumzi huzamishia mipira ya ndani kutafuta povu la pancha. Tangu mama augue, Pumzi hakuwa na moyo wa kazi, na karai lilikuwa halijaguswa. Viluwiluwi wa mbu walikuwa wanacheza humo kama watoto wa shule.

"Na hawa? Ni wateja?"

"Mama, hayo ni maji ya kazi..."

"Mwaga! Na usugue kingo, mayai hung'ang'ania pale. Jioni ligeuze kifudifudi. Mtu mzima, mdomo kama tarumbeta, karai linamshinda! Mimi homa ilinitoa nguvu, haikunitoa ulimi!"

Pumzi akaliinamia karai, akasugua huku akijipangusa machozi kwa bega.

"Ongeza sauti, mama," alisema. "Siku zote hizi sijakusikia."