Shimo Kabla ya Msingi

Fundi wa misingi hapimi kiwanja kabla ya kuchimba shimo na kupapasa kuta zake kwa kidole gumba, taratibu, kama anayetafuta mapigo ya moyo. Mama mwenye kiwanja, aliyeipenda tambarare ile ya kando ya mto, alichoka kusubiri.

“Fundi, nimekuita ujenge au ubembeleze udongo?”

Fundi akacheka, akampa mkono ashuke shimoni. “Tope hili laini la chini ni la enzi za msitu, dada. Mlima uliponyolewa miti kupata malisho, mvua moja tu ikashusha kokoto zote hizi. Na mvua za siku hizi zimezidi ukali.”

Mama alijipima kwenye ukuta wa shimo. Kokoto zilianzia vifundoni mwa miguu, zikapita kiuno. Kitindamimba wake humfika kiunoni.

“Kule mwinukoni, kwenye kiwanja alichotuachia shangazi,” akauliza, “utachimba lini?”

Fundi alikwishabeba koleo.